Mudomo wa Bariere

Pombe ilifika kabla ya wenyewe. Bidoni, dumu la njano la kasiksi, ile pombe ya ndizi ambayo bila hiyo hakuna binti wa Bushi anayeposwa, lilipandishwa ngazi za udongo za mtaa wa Cimpunda chini ya mvua, likaingizwa mlangoni na kuwekwa katikati ya sebule ya Papa Bulonza. Lilikuwa limezibwa mdomo kwa jani la mgomba. Lilikaa pale juu ya mkeka kama mgeni asiyejua kama amekaribishwa.

Jikoni, nyuma ya pazia, Domitille alipepea mbabula ambayo makaa yake yalikuwa mekundu zamani.

"Acha kupepea, mama," Maman Georgette alimwambia bintiye. "Utatuletea majivu mu sombe."

"Maman, Papa alikula asubuhi?"

"Hakukula."

"Na jana?"

Maman Georgette alifunua sufuria ya majani ya muhogo, akachungulia, akaifunika tena. Hakuna kilichohitaji kuchunguliwa mle.

"Maman. Papa iko na nini?"

"Nilimuambia," mama akasema, bado anaitazama sufuria. "Ile ulinielezea. Ya kule bariere. Vile Cyprien alimuokoa."

Pepeo likamtoka Domitille mkononi.

"Domi, usiniangalie hivyo! Nilizani atafurahi. Nilisema mu roho yangu, mwanaume akijua kijana alimutoa mu kifo, atakataa pombe yake namna gani? Atamuita mutoto. Atamukumbatia."

"Na yeye akafanya nini?"

"Akaenda kukaa mbele ya picha ya kaka yako Akonkwa. Tangu ile saa anakaa tu."

Domitille aliliokota pepeo. Alitaka kumlaumu mama yake, akashindwa, kwa sababu siri ile ilitoka kwenye kinywa chake mwenyewe. Usiku ule alipoambiwa na Cyprien kwamba ukoo wake utakuja na pombe, furaha ilimjaa hadi akahitaji kummwagia mtu. Alimsifia mpenzi wake kwa mama yake kama vile watoto wanavyosifia baba zao. Hakujua anamchimbia kaburi.

Chuo kikuu walikokutana yeye na Cyprien kimekaa juu ya mlima. Ukipanda kutoka Kadutu, goti linaanza kukuuma kabla hujaliona paa lake. Na wanafunzi wa Kiingereza walikuwa na sheria yao ambayo haikuandikwa popote: ukishalipita bomba la maji la chini ya mlima, hakuna Kifaransa, hakuna Kiswahili, hakuna Mashi. Ni Kiingereza peke yake mpaka juu. Anayeteleza anabeba mikoba ya wote.

Cyprien alikuwa mtoto wa wakulima wa Luhwindja. Mwaka wa kwanza alisema Kiingereza kama mtu anayetembea juu ya makaa, na kila asubuhi alifika juu amebeba mikoba kama punda wa migodini. Mwaka wa pili kilimkaa mdomoni kuliko wote. Lakini bado aliteleza. Aliteleza kila siku, daima Domitille akiwa karibu, na mkoba aliouwahi kwanza ulikuwa wa Domitille. Msichana alichelewa kuelewa. Alipoelewa, alianza kuujaza vitabu asivyovihitaji, ili aone kama mwanaume atalalamika. Hakulalamika.

Walikuwa na alama yao pia. Mtu akikosa neno la Kiingereza katikati ya kupanda, hakuruhusiwa kusimama. Alishika neno lolote lililo jirani, akalisema, kisha akagusa ndewe ya sikio lake. Maana yake: hili silo, lile lenyewe bado nalitafuta. Wengine waliisahau alama hiyo baada ya mwaka mmoja. Wawili hawa waliibakiza.

Siku moja ya ukungu, ziwa halionekani, Cyprien alimwambia kwa Kiingereza, "Wewe ni mvua nzuri," akagusa sikio. Domitille alicheka hadi akakaa kwenye jiwe. Halafu akasubiri. Alipanda mlima mzima akisubiri, moyo ukimdunda si kwa sababu ya mlima. Walipofika kwenye mlango wa ukumbi, Cyprien alikuwa amelipata neno lenyewe. Alilisema mara moja tu, wala hakugusa sikio.

Ndipo vita ya pili ikaingia mjini, kana kwamba ile ya kwanza haikushiba. Ya kwanza ilikuwa imemchukua Akonkwa, kaka yake Domitille, barabarani, mchana, mbele ya watu waliogeuza nyuso. Ya pili ilileta askari wakaweka bariere, kizuizi cha kukagua wapita njia, palepale kwenye bomba la maji. Komanda wao alisema Kiingereza. Lugha ambayo wazazi waliiuzia mbuzi ili watoto waisome ikawa, ndani ya wiki moja, lugha ya bunduki. Mama waliokuwa wakijivuna sokoni, "Wangu anasoma Kiingereza," walianza kusema wanao wanasoma jeografia.

Mwenye akili alinyamaza akipita pale. Lakini miguu ya vijana wale ilikuwa na mazoea yake: bomba likipitwa, ulimi unageuka wenyewe. Asubuhi ile Cyprien alikuwa katikati ya sentensi, anamwelezea Domitille ndoto yake, alipomwona komanda amemkazia macho na anatabasamu. Akamwita kwa kidole. Tangu siku hiyo, kila komanda alipotaka kumuuliza mtu asiyejua Kiingereza, Cyprien alitolewa darasani. Hakuna aliyemuuliza kama anataka. Na watu waliomwona amesimama kando ya bunduki nao hawakumuuliza. Walimpa jina tu. Mudomo wa bariere.

Papa Bulonza alikuwa amefundisha watoto wa mji huu miaka mingi, na hata baada ya mshahara kufa waliendelea kumwita Directeur, mkuu wa shule. Siku ile alipanda na binti yake kwenda kumwomba mkuu wa kitivo amruhusu msichana afanye mtihani ingawa ada ilikuwa haijalipwa. Askari walimsimamisha, wakataka kitambulisho. Mzee hakutoa kitambulisho. Kiswahili komanda angeweza kukidakadaka, kwa hiyo mzee alikikataa. Alijinyoosha, akamtazama usoni, akasema kwa Mashi, lugha ya mama yake, taratibu, kama anasoma imla. Askari mmoja alikwisha kukoki bunduki. Komanda alimgeukia Cyprien: muzee anasema nini?

Cyprien akatafsiri. Komanda akacheka. Akampigapiga mzee begani, akampa sigara, akamwachia apite.

Papa Bulonza hakuvuta sigara maishani mwake. Hii aliirudisha nyumbani, akaisimamisha ndani ya glasi mbele ya picha ya mwanawe. Kila aliyeingia aliambiwa, "Unaona hii? Nilimuambia yote, macho kwa macho. Akashikwa na haya." Tangu Akonkwa afe alikuwa mzee aliyekunjika, baada ya siku ile alinyooka. Alinyoa ndevu. Alirudi kuimba kanisani. Majirani walimwita Muzee Hana-Woga, naye alijifanya hapendi jina hilo.

Zaidi ya Cyprien mwenyewe, mtu mmoja tu kwenye bariere ile alikuwa amesikia Mashi na Kiingereza, akajua kilichopita katikati. Alikuwa Domitille. Alilibeba jambo hilo kimya, kwa upendo, mpaka alipozidiwa na furaha.

"Hodi humu ndani!" sauti ilinguruma mlangoni.

Waposaji walikuwa wamefika, wamelowa. Kupitia tundu la pazia Domitille aliona kwanza viatu vilivyojaa tope, halafu tumbo la Tonton Léopold, mjomba wa Cyprien aliyeletwa kuwa msemaji, halafu shangazi wawili, na mwisho yeye. Alikuwa amevaa koti la kuazima lililomzidi mabega. Macho yake yalikwenda moja kwa moja kwenye pazia, yakalikuta lile tundu, yakatulia hapo. Domitille alishika ukingo wa pazia. Alitamani kumpigia kelele: Rudi! Chukua pombe yenu, urudi!

"Bandugu," Tonton Léopold alianza, amesimama, fimbo mkononi, "tumetoka Luhwindja kwa miguu yetu. Tumeteleza, tumeanguka, hii tope munaona kwa matako yangu ni ya kwenu ya Cimpunda, si ya kwetu."

Watu wakacheka.

"Tulipoteza ng'ombe yetu. Jike, zuri, lenye shingo ndefu. Tukafuata nyayo zake, zikapanda mulima kwenye chuo, zikashuka, zikaingia mu hii lupango, mu kiwanja yenu. Tunaomba tu kuangalia."

Tonton Apollinaire, mdogo wake Papa Bulonza na msemaji wa nyumba, akasafisha koo. "Ng'ombe? Hapa? Bandugu, ng'ombe zote vita ilikula. Muangalie muzuri, pengine mulipoteza mbuzi."

"Mbuzi inasoma chuo kikuu?"

"Ile ya kwenu njo inasoma. Inabeba hata mikoba ya wengine, tulisikia!"

Vicheko vikajaa sebuleni, hata Cyprien akainamisha kichwa akicheka, na kwa muda mfupi Domitille aliamini kwamba mambo yatapita. Halafu akamwona baba yake. Papa Bulonza hakucheka. Alikuwa amekaa chini ya picha ya Akonkwa, mikono juu ya magoti, ndevu hazijanyolewa.

"Apollinaire, kaa chini," alisema.

"Kaka, bado sijamaliza ku—"

"Kaa. Leo sitaki basemaji. Nitauliza kijana mwenyewe."

Kicheko kilikatika. Tonton Léopold aliangalia huku na huku, akaketi na fimbo yake.

"Cyprien."

"Ndiyo, Papa."

"Simama. Siku ile kwenye bariere nilisema nini?"

Cyprien alisimama. Koti lilimning'inia. Aliangalia pazia, na kwa jinsi kitambaa kilivyotetemeka alijua kwamba Domitille naye amejua siri imetoka.

"Papa, ile siku—"

"Sikukuuliza ya siku. Nauliza ya maneno yangu. Unayakumbuka ao ulitupa?"

"Nayakumbuka, Papa."

"Sema. Kwa Kiswahili, batu bote basikie."

Kijana aliweka mikono nyuma kama mwanafunzi. Aliposema, sauti yake ilikuwa ileile ya mzee, taratibu, neno kwa neno.

"Ulisema: 'Mutoto wangu Akonkwa, balimuua mu barabara na bakamuacha kwa mvua. Leo wewe unaniomba karatasi. Karatasi yangu ni ile damu. Mimi nilifundisha batoto kusoma, wewe nani alikufundisha kuua? Sikuogopi. Na siku moja mama yako atalia vile bibi yangu, mama ya Akonkwa, analia, na hakuna mutu atamufuta machozi.'"

Nyuma ya pazia Maman Georgette alitoa mlio mdogo, akauziba kwa kitenge. Hakuwahi kuyasikia yote.

"Hukusahau hata moja," Papa Bulonza alisema. "Ungekuwa mwanafunzi wangu ningekupa alama zote. Sasa tuambie: na wewe ulimuambia nini ule mutu?"

"Papa, naomba tuseme hii sisi wawili."

"Sema!"

"Nilimuambia..." Cyprien alifuta uso kwa kiganja. "Nilimuambia: 'Muzee anaomba radhi. Alipoteza mutoto, kichwa chake kimechoka. Anaomba umuhurumie.'"

Mvua ilipiga bati.

"Umesikia, Apollinaire? Naomba radhi. Mimi. Kwa bale."

"Kaka, alikuokoa maisha!"

"Ndiyo, Papa Directeur," Tonton Léopold akadakia, "kijana alitumia akili. Ungekuwa wapi leo? Tungekuwa tunakunywa hii pombe kwa kilio yako!"

"Ningekuwa mahali Akonkwa iko." Mzee hakupandisha sauti, na hilo ndilo lililowatisha. Aliinyoosha mikono, akaichukua glasi, akaitoa ile sigara. Ilikuwa imekauka na kugeuka njano. "Hii kitu niliiweka mbele ya mutoto wangu. Kila asubuhi nilimuambia, Akonkwa, unaona, walau neno lilisemwa. Tangu bamuue, siku ile njo nilipumua. Kumbe nilikuwa nimeomba radhi. Kumbe alinipa sigara vile mutu anatupia imbwa mufupa, na mimi nikaikamata kwa mikono mbili!"

"Papa, balishakoki bunduki," Cyprien alisema, machozi yakimlengalenga. "Domitille alikuwa amesimama kando yako. Niliona kidole cha ule askari. Sikuwa na wakati ya kufikiri."

"Ilikuwa kifo yangu. Nani alikupatia ruhusa ya kuichukua?"

Cyprien alimtazama mzee usoni.

"Hakuna mutu," alisema. "Niliichukua mwenyewe. Na ningekuwa pale tena, Papa, ningefanya vilevile. Sitakudanganya."

Domitille aliuma kitambaa cha pazia. Nyamaza, alimwomba moyoni. Kwa nini leo, mbele ya mtu huyu, umeamua kusema kweli?

"Vizuri," Papa Bulonza alisema. "Unataka binti yangu?"

"Kuliko hewa, Papa."

"Basi sitaki ng'ombe. Ng'ombe mutabaki nazo. Kesho asubuhi utapanda mpaka bariere. Utarudisha hii sigara kwa mwenyewe. Na utamuambia maneno yangu, moja moja, vile umeyasema hapa, mu ile Kiingereza yenu. Ukirudi, pombe nakunywa, na Domitille ni bibi yako."

Shangazi mmoja wa Cyprien alipiga yowe. Tonton Léopold aliinuka, fimbo ikaanguka.

"Directeur, hii si mahari! Hii ni kumuua! Batamupiga risasi kabla hajamaliza sentensi ya kwanza!"

"Pengine. Pengine atashikwa na haya."

"Ee Nyamuzinda, Mungu wa babu zetu, muzee ameingiwa wazimu..."

"Tonton," Cyprien alisema, "acha."

Alisogea mbele. Akanyoosha mkono, akaipokea sigara kutoka kwenye vidole vya mzee, kwa mikono miwili kama desturi inavyotaka mtu apokee kitu kwa mkubwa. Uso wake ulikuwa umetulia kwa namna iliyomwogopesha Domitille kuliko machozi.

"Nitaenda," alisema.

"Wewe kijana!"

"Tonton, banaita mimi mudomo wa bariere. Tangu baniweke pale sijasema hata neno moja kamili. Mama analia kwa uchungu, mimi nasema anashukuru. Mutu analaani, mimi nasema anasalimia. Nimechoka. Walau mara moja niseme vile mutu alisema." Akamtazama mzee. "Papa, nitayasema yote. Hata ile ya mama yake."

Papa Bulonza alimtazama. Kitu fulani kilipita machoni mwake, pengine heshima, pengine hofu ya alichokiomba. Lakini alikuwa amekisema mbele ya watu, na alikuwa mtu asiyejua kufuta maneno yake.

"Basi pombe ninaiuliza," alisema. "Domitille! Kuja, mama."

Ndiyo desturi. Baba hatii mdomoni pombe ya waposaji mpaka binti mwenyewe aulizwe, mbele ya wote: tuinywe ao tusiinywe? Binti akisema tuinywe, jani la mgomba linatolewa, na kilichoahidiwa katika nyumba ile kinakuwa kimefungwa. Binti akisema tusiinywe, bidoni linarudi lilikotoka bila kufunguliwa. Hakuna anayeruhusiwa kumlazimisha. Wasichana wengi wa Bushi hungojea swali hilo tangu wakiwa wadogo. Domitille alishawahi kujifanyia mazoezi mbele ya kioo, namna ya kuinamisha macho akisema neno lile.

Alitoka nyuma ya pazia. Kitenge cha mama yake kilimfika visigino. Alipita kando ya Cyprien karibu sana hadi akasikia harufu ya mvua kwenye koti la kuazima, na ya sabuni, na ya yeye mwenyewe. Walitazamana. Macho ya kijana yalimwambia: usiogope, sema tu. Alikuwa amekwisha kufa machoni, na alikuwa na furaha. Domitille alimjua. Alimjua kuliko mlima ule. Kesho kabla jua halijapanda atakuwa pale bombani, ataanza kusema, na hatageuza hata neno moja.

"Domitille," baba yake akasema, na sauti ikamlainika licha ya yote, "batu hawa balituletea pombe. Tuinywe?"

Akafungua mdomo. Neno lile alilolitunza miaka yote lilikuwa hapo, juu ya ulimi.

"Tusiinywe," alisema.

Maman Georgette aliinua pazia. "Domi!"

"Mama, sema muzuri," Papa Bulonza alisema, ameshituka. "Hujasikia swali?"

"Nilisikia, Papa. Tusiinywe. Simutaki."

"Lakini wewe mwenyewe njo ulisema—"

"Nilijidanganya." Alihitaji kitu kikali, kitu ambacho hakuna mtu atakayekitilia shaka, akakiokota palepale mahali mji mzima ulipokitupa. "Siwezi kuolewa na mudomo wa bariere. Batoto bangu bataitwa nani?"

Cyprien alirudi nyuma hatua moja kama aliyesukumwa. Jina lile alikuwa amelisikia kwa wauza samaki wa sambaza, kwa walevi, kwa wanafunzi wenzake. Kwa Domitille hakuwahi.

"Domi?" alisema kwa sauti ndogo.

Naye Domitille, macho yamekauka, shingo imenyooka kama ya baba yake, aliinua mkono kana kwamba anarekebisha kilemba. Vidole vyake vikashuka. Vikagusa ndewe ya sikio, vikabaki hapo.

Wengine waliona msichana mwenye kiburi anayejipapasa hereni. Cyprien aliona mlima mzima.

Alifumba macho. Alipoyafumbua yalikuwa yamejaa. Domitille alimsogelea, akanyoosha kiganja, akamfunua vidole kimoja kimoja na kuichukua sigara. Hiyo ndiyo mara pekee walipogusana siku ile. Mkono wa kijana ulikuwa wa baridi, haukutaka kuachia, ukaachia.

"Aibu!" Tonton Léopold alifoka, akaokota fimbo yake. "Tumetoka Luhwindja kuletewa matusi! Nyanyueni bidoni! Hii nyumba, baba anataka kutuua, binti anatutemea mate! Mubaki na ng'ombe yenu, kweli ni mbuzi!"

Shangazi walilinyanyua bidoni, jani la mgomba bado limeziba mdomo wake. Cyprien aliwafuata mpaka kizingitini. Pale akageuka. Hakumtazama mzee. Alimtazama Domitille, na katika nyumba ambamo Kiingereza kilikuwa kimepigwa marufuku tangu bariere iwekwe, alisema kwa Kiingereza, polepole, kama wakati ule mlima ulipokuwa bado mgumu kwake:

"Umenifanyia nilichomfanyia yeye. Sasa najua alivyoumia. Ningekwenda, Domi. Nilikuwa natamani kwenda. Umenirudisha duniani bila kuniuliza, na sijui kama nitakusamehe, lakini kila asubuhi nitapanda mlima kwa upande wa pili usio na bariere, polepole, kama mtu aliyebeba mikoba miwili."

Hakugusa sikio. Akashuka ngazi za tope nyuma ya pombe yake.

Sebule ilibaki na mkeka na duara la maji mahali bidoni lilipokuwa. Tonton Apollinaire alijifanya anatafuta kofia yake.

"Amesema nini?" Papa Bulonza akauliza.

Domitille alikuwa bado ameelekea mlangoni. Mvua iliingia hadi miguuni kwake.

"Domitille. Amesema nini ule kijana?"

"Anasema asante kwa kutukaribisha, Papa. Anasema tubaki na amani."

"Ni hivyo tu? Maneno yalikuwa mengi."

"Na anaomba radhi."

Mzee aligeuka. Aliiangalia glasi tupu mbele ya picha ya mwanawe, halafu mgongo wa binti yake, halafu tena glasi.

"Kweli ni hivyo alisema?" aliuliza, na safari hii hakuuliza kama Directeur. Aliuliza kama mtu anayeomba asijibiwe.

"Ni hivyo, Papa."

Sigara ilikuwa imevunjika ndani ya ngumi ya Domitille. Tumbaku kavu ilimvuja kati ya vidole na kuangukia kizingiti. Huko chini, bidoni liligonga jiwe, mtu akatukana, mtu mwingine akamwambia anyamaze. Domitille aliinua mkono wake mtupu akagusa ndewe ya sikio, akaishikilia sana hadi ikauma. Katika nyumba nzima hakuna aliyebaki wa kumsoma.